Silinda ya Tatu

Jumapili, 29 Machi 1998

Mke wangu Leokadia alilitia daftari hili kwenye sanduku langu, juu ya soksi ili nisijifanye sikuliona, na ndani ya jalada akaandika: "Andika kila siku. Ukirudi nitasoma." Mwaka jana nilikaa Guangzhou miezi mitatu nikarudi Moshi nikashindwa kumwambia hata rangi ya chumba nilicholala. Basi, mama Hannah, chumba ni rangi ya krimu, na leo kuta zake zinatoka jasho. Maji yanatiririka ukutani, sakafu imelowa kama imepigwa deki, na mashati niliyofua Alhamisi bado mabichi. Wenyeji wanasema ni hewa ya kusini, itapita ikitaka.

Kama nitapotea na daftari likaokotwa na mtu mwingine: naitwa Bartholomeo, miaka arobaini na sita, fundi magari kwa miaka ishirini, mfanyabiashara wa nguo kwa miaka mitatu. Ufundi niliuacha kwa sababu ya mgongo. Ulimi wangu wa kusifia ufundi haujaumwa bado.

Jumanne, 31 Machi

Marobota saba kutoka Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla, hadi bohari ya wakala huku kwetu Xiaobei. Aliyetubebea ni Liang, dereva wetu wa siku zote, mzee wa miaka hamsini na saba, mwembamba, kofia haimtoki kichwani. Wachina humwita dereva "shifu", yaani mwalimu wa kazi, na fundi pia humwita "shifu". Kwa hiyo mimi namwita Shifu, naye ananiita Shifu, na Bi Sihaba akitusikia hucheka: "Mashekhe wawili, msikiti hauna mtu."

Bi Sihaba ni Mzanzibari, anakaa ghorofa ya juu yangu, ananunua nguo za watoto. Huu ni mwaka wake wa pili hapa na Kichina anakijua. Mtu mwema, lakini kwenda naye sokoni ni adhabu. Kila kigauni hukigeuza ndani nje, akauvuta mshono, akakiinua juani hata kama jua hakuna. Mimi nilishanunua suruali zangu zote za jinsi, nimekaa juu ya robota nasubiri, yeye bado yuko kwenye kola.

Wiki iliyopita nilishikwa na homa. Liang alinipeleka zahanati, akaningoja saa nne nzima, na akakataa hata soda. Nataka kumrudishia wema. Injini ya gari lake inalia tapeti, tak-tak-tak, kutwa.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo nimeinyamazisha.

Kwa asiyejua, yaani wewe Leokadia: kila silinda ina vali, vilango vidogo vya kuingizia petroli na kutolea moshi. Juu ya kila vali kuna mkono wa chuma wa kuisukuma ifunguke, huo ndio tapeti, na kati ya mkono na vali huachwa mwanya mwembamba. Huo mwanya ndio unaopiga kelele. Kwetu Gerezani, mtaa wa Dar es Salaam, nilikofanyia kazi miaka kumi na miwili, mteja akisikia tapeti zinalia atasema fundi kala pesa hajafanya kazi. Kwa hiyo fundi mwenye akili anaubana mwanya mpaka kelele ziishe. Kipimo ni kidole na sikio. Na sikio langu linajulikana toka Gerezani mpaka Kiboriloni.

Liang aliwasha, akasikiliza, akazima, akawasha tena kama mtu asiyeamini. Kisha akaniinulia dole gumba. Mkewe alitoka na chai. Nimelala mchana kama mtoto aliyeshiba.

Jumanne, 7 Aprili

Idd el-Haji. Bi Sihaba alipika pilau kwa mchele wa hapa, ule wa kunata. Aliulazimisha uwe pilau, na ukakubali.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Misa kanisa la mawe, nyimbo za Kichina, machozi yangu ya Kichaga. Liang alinirudisha. Injini ilikuwa kimya hata nikasinzia.

Jumamosi, 18 Aprili

Mvua. Jinsi mia mbili.

Jumanne, 21 Aprili

Mvua. Liang amebadilisha oili kwa jirani yake Chen, mwenye gereji ndogo mkabala na nyumba yake. Marafiki wa miaka thelathini. Kila alasiri hucheza sataranji ya Kichina juu ya ndoo iliyogeuzwa, na yule anayeshindwa ndiye anayepiga kelele. Chen ni mtu wa sura ngumu. Alinitazama mikono badala ya uso.

Jumatatu, 27 Aprili

Leo gari limetuaibisha. Tulikuwa na marobota tisa, tukafika kwenye daraja la juu, na katikati ya mlima injini ikaishiwa pumzi. Liang alirudi gia ya kwanza. Baiskeli zikatupita. Mwanamke mwenye kuku wawili kwenye kapu alitupita pia, akatutazama kwa huruma. Asubuhi lilikuwa gumu kuwaka, na likiwa limesimama linatetemeka.

"Kabureta," nikasema, kabla sijafungua boneti.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimesafisha kabureta. Inang'aa. Gari ni lile lile.

Jumapili, 3 Mei

Plagi, nikasema. Liang kanunua plagi mpya nne. Gari ni lile lile, lakini lina plagi mpya.

Jumatano, 6 Mei

Nimesema neno ambalo leo naona ningelimeza. Liang aliwasha, mimi nikainamisha kichwa juu ya injini, nikafumba macho kama daktari wa watu wakubwa, nikasema, "Ringi zimekwisha. Kompresheni imeanguka. Injini hii imekufa, Bi Sihaba, mwambie."

Bi Sihaba akaniangalia. "Umejuaje?"

"Nimesikia."

Akamwambia. Liang alivua kofia. Sijawahi kumwona kichwa. Kina upara mdogo nyuma. Akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, na Bi Sihaba akanifasiria huku akiangalia chini. Gari hili lina miaka kumi na minne. Magari ya umri huo hukaguliwa, na zamu ya Liang ni tarehe 26 Juni. Likitoa moshi mchafu au likikosa nguvu linafutiwa namba na kwenda kukatwa vyuma. Injini nyingine hana uwezo nayo, na kwa umri wake hakuna atakayempa usukani wa gari lingine.

"Anasema basi tena," alimalizia Bi Sihaba. "Anasema atakaa nyumbani ahisabu mvua."

Alhamisi, 7 Mei

Liang amegombana na Chen. Ameshatafuta mchawi na kumpata: gari lilikuwa zima, Chen akatia oili, gari likafa. Kwa hiyo oili ilikuwa mbovu. Walipigiana kelele barabarani mpaka watu wakatoka na bakuli zao za chakula kutazama. Ndoo imerudi kuwa ndoo.

Mimi nami niliona inawezekana. Oili mbovu huua ringi. Nikatikisa kichwa kama mzee wa baraza.

Jumatatu, 11 Mei

Mvua. Chakula: tambi za nyama ya kondoo kwa wale Waislamu wa kaskazini, mtaa wa Dengfeng. Nzuri kuliko wiki yote iliyopita.

Alhamisi, 14 Mei

Shisanhang na Bi Sihaba. Alikuwa na kigauni cha njano mkononi, nje kizuri kama cha harusi. Muuzaji anamwambia "laoban, laoban", yaani bosi, na kumhimiza. Akakigeuza. Ndani uzi umeachwa nusu, kwapani pako wazi. Akamrudishia, "Bu yao," sitaki, akachukua cha pili, akakigeuza nacho.

Nikamtania: "Bi Sihaba, siku ya kufa utamgeuza na malaika."

"Ntamgeuza," akasema. "Hebu nambie, Baba Hannah. Ile injini ya mzee wa watu, uliigeuza?"

"Injini haigeuzwi."

"Ati hakuna namna ya kuitazama ndani? Weye fundi miaka ishirini umemwambia mtu kazi yake imekufa, kwa sikio tu? Mie kigauni cha mtoto sikinunui kwa sikio."

Nilikasirika. Nilikula chakula cha mchana peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba geji ya kupimia kompresheni, yaani nguvu ya msukumo ndani ya silinda, niliwahi kuwa nayo, Moshi, kwenye karakana ya ushirika. Niliiacha nilipohamia Gerezani kwa sababu wateja walikuwa wakisema fundi anayepima hajui kazi.

Jumapili, 17 Mei

Baada ya misa nilikwenda mtaa wa vipuri nikanunua geji, na fila pia, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya. Muuzaji alinitajia bei, nikasema "tai gui", ghali mno, naye akasema ni kweli, na hakupunguza.

Jumatano, 20 Mei

Nitaandika kwa utaratibu, maana mkono unataka kukimbia.

Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Liang alifunga turubai kati ya ukuta wa nyumba yake na mlingoti wa umeme, tukaingiza gari chini yake. Alikubali kwa adabu tu. Machoni nilimwona hatarajii kitu. Bi Sihaba alikuja kufasiri, na alikuja na kigoda chake mwenyewe. Upande wa pili wa kichochoro Chen alikuwa mlangoni kwake anaziba mpira, ametupa mgongo.

Tuliipasha injini moto kwanza. Nikatoa plagi zote nne, nikachomoa waya wa koili isitoe cheche, nikafunga geji kwenye tundu la silinda ya kwanza. Liang akakanyaga mafuta mpaka chini na kupiga stata, injini ikazunguka mara sita. Injini nzima ya aina hii inatakiwa kusukuma kilo kumi na moja hivi. Silinda ya kwanza: tisa. Ya pili: nane na nusu. Ya tatu: tano. Ya nne: tisa.

"Tano ni mbaya?" akauliza Bi Sihaba.

"Tano ni mgonjwa wa kulazwa."

Lakini mbaya kwa sababu gani? Hapo ndipo sikio langu lilipokuwa limejifanya linajua. Nikamimina kijiko cha oili ndani ya silinda ya tatu. Kama ringi zimekwisha, oili huziba nafasi kati ya pistoni na ukuta, na kipimo hupanda juu. Tukapima tena. Tano na kidogo. Haikupanda.

Nilipima mara tatu nisiamini. Ringi zilikuwa salama. Nilikuwa nimemwambia mtu injini yake imekufa, na haikuwa imekufa.

Nikamwomba mziba mipira mwingine, wa barabarani, mpira wake wa upepo. Nikaweka pistoni ya tatu juu kabisa, pale ambapo vali zote mbili zinapaswa kuwa zimefungwa, nikasukuma upepo ndani ya silinda. Sasa upepo unatokea wapi? Nikasikiliza kwenye kifuniko cha oili: kimya, kwa hiyo si ringi. Kwenye rejeta: hakuna mapovu, kwa hiyo si gasketi. Kwenye kabureta: kimya.

"Bi Sihaba, samahani, tega sikio kule nyuma kwenye ekzosi."

Akakusanya buibui lake, akachuchumaa nyuma ya gari, mvua ikimpiga kisogo. "Huku kunapuliza!" akapiga kelele. "Kunapuliza kweli kweli!"

Vali ya kutolea moshi haifungi. Liang alipofasiriwa alisimama pale pale kwenye usukani akagonga kichwa kwenye dari. Vali hutibika. Alicheka, akanisukumia sigara ambayo anajua sivuti, akamwita mkewe. Nami nilikuwa nacheka. Nikafungua kifuniko cha juu nitazame tapeti.

Nilijaribu kuingiza fila kwenye mwanya wa vali ile ya tatu. Haikuingia. Nikajaribu kibamba chembamba kuliko vyote. Hakikuingia. Hapakuwa na mwanya. Zile nyingine zilikuwa na mwanya wa kusingizia tu. Vali ikipata moto hurefuka, na kama haina nafasi ya kurefukia, inabaki imefunguka kidogo, na moto wa silinda unapita hapo unaila ukingo wake, siku baada ya siku, robota baada ya robota. Mwezi wa nne wote.

Alama za bisibisi yangu zilikuwa bado zinang'aa juu ya skrubu.

Liang akaja akatazama pamoja nami. Akaona uso wangu, akaufasiri kwa njia yake mwenyewe. Akaelekeza kidole ng'ambo ya kichochoro na kusema, "Chen!" Akatema mate.

Nikamwacha aamini hivyo. Nilirekebisha mianya yote kwa kipimo, injini ya moto, kama kitabu kinavyotaka. Tukapima: kumi na nusu, kumi, saba, kumi na nusu. Ile ya tatu imeshaungua, itabidi silinda hedi, kichwa cha injini, ishuke na vali isagwe. Nilimwambia Liang tutafanya, na alinishika begani. Nilirudi hotelini kwa miguu kwenye mvua.

Alhamisi, 21 Mei

Mvua. Kichwa kinaniuma. Labda homa.

Ijumaa, 22 Mei

Si homa.

Jumatatu, 25 Mei

Fulana mia tatu. Liang aliniletea lichi za kwanza za msimu, mfuko mzima, bado zina majani. Nimezila zote. Zilikuwa tamu na nilijichukia kila tunda.

Jumamosi, 30 Mei

Sikukuu yao ya mashua. Kila nyumba inafunga wali kwenye majani na kuutokosa. Mke wa Liang alimfungia Bi Sihaba wa kunde peke yake, kwenye sufuria yake mwenyewe isiyoguswa na nguruwe, na Bi Sihaba akala mafungu matatu akimsifu mpaka mama wa watu akaona haya.

Tukiwa tumekaa, Chen alivuka kichochoro. Aliweka mezani mafungu manne ya wali yaliyofungwa kwa uzi mwekundu, akasimama kidogo, akarudi kwake. Liang aliyachukua kwa uzi wake, akavuka, akayaning'iniza kwenye kitasa cha mlango wa Chen. Kisha akarudi kula, na hakula.

Marafiki wa miaka thelathini. Na mimi nimekaa katikati yao, nimeshiba.

Jumatatu, 1 Juni

Nilipanda kwa Bi Sihaba saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi, alikuwa anakunja vigauni. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilidhani atanisimanga, silaha nilikuwa nimempa mwenyewe. Alikunja vigauni viwili kwanza.

"Kwa hivyo ni weye," akasema.

"Ni mimi."

"Uliona lini?"

"Siku ile ile."

"Na ukanyamaza siku kumi na mbili." Akapiga ulimi. "Mficha maradhi, Baba Hannah, kifo humuumbua. Na haya maradhi si yako peke yako, umemwambukiza Chen."

"Ndiyo maana nimekuja. Twende unifasirie."

"Sendi kufasiri." Akaweka kigauni chini. "Mie nafasiri bei, na rangi, na saizi. Hilo utalisema kwa mdomo wako. Ntakufunza."

Kichina changu ni cha bei tu: ghali, punguza, hakuna, mwisho ngapi. Sina neno hata moja la kuombea radhi, miaka mitatu sikulihitaji. Alinifundisha kama mtoto wa madrasa. Shi wo de cuo. Ni kosa langu. Nikikosea sauti ananipiga mkononi kwa rula ya kupimia nguo. Nilisema mara hamsini. Nilipokuwa nashuka ngazi aliniita.

"Ntakuja," akasema. "Ntakaa kando tu."

Jumanne, 2 Juni

Turubai, mvua, Liang anafuta kioo. Nikasimama mbele yake nikasema. Hakuelewa, alidhani naulizia bei ya kitu. Nikasema tena, polepole. "Shi wo de cuo." Akamtazama Bi Sihaba, na Bi Sihaba akatazama mvua.

Basi nikafungua kifuniko cha injini. Nikachukua spana na bisibisi, nikaibana tapeti moja mpaka mwisho kama nilivyofanya siku ile, nikajaribu kupitisha fila isipite, nikamwonyesha. Nikajigonga kifua. Nikaonyesha ng'ambo kwa Chen, nikatikisa kichwa. Nikajigonga kifua tena.

Aliniangalia muda mrefu sana. Nilitaka anitukane. Alizima sigara, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulibaki chini ya turubai, mimi na Bi Sihaba na kigoda chake. Nilimwambia twende. Akasema, "Ngoja." Nilikuwa nawaza ule mwezi wa nne, jinsi nilivyosinzia kwenye gari lake siku ya Pasaka, nikifurahia kimya.

Mlango ukafunguka. Liang akatoka na mwavuli, akatupita bila kututazama, akavuka. Alisimama mbele ya Chen akaongea. Chen aliendelea kukaza gurudumu. Liang akaongea tena, na safari hii alivua kofia. Chen akaweka spana chini. Alivuka bila mwavuli, mvua ikimtiririka usoni, akainama kwenye injini, akanipokonya fila, akapima ile tapeti niliyoibana, kisha akanigeukia.

Alinikaripia kwa Kikantoni labda dakika tano. Alinionyesha fila, kidole changu, sikio langu, akalivuta na sikio lenyewe. Alipomaliza nikamwuliza Bi Sihaba amesema nini.

"Kikantoni sikijui," akasema. "Lakini nimefahamu yote."

Ijumaa, 5 Juni

Silinda hedi imeshuka. Chen ndiye mkuu wa kazi, mimi ni wa kupokea nati. Vali ya tatu ya moshi ukingo wake umeliwa, pengo la ukubwa wa punje ya mchele. Chen aliishika juu mbele ya macho yangu, akahakikisha nimeiona, kisha akaitia mfukoni mwake. Sijui anataka kuifanya nini.

Jumatatu, 8 Juni

Kusaga vali, saba za zamani na moja mpya. Unapaka dawa ya kusagia, unashika kijiti chenye mpira wa kunyonya, unakizungusha kati ya viganja mbele na nyuma, unainua, unageuza, unarudia. Chen alisaga mbili, akaniachia sita. Kila nikisema imetosha anamimina petroli juu na kuchungulia chini kama inavuja. Inavuja. Anaondoka. Mgongo unanikumbusha kwa nini niliuza nguo.

Jumatano, 10 Juni

Haivuji. Chai yangu leo aliimimina Chen mwenyewe.

Jumamosi, 13 Juni

Mvua imeharibu robota moja la fulana, na hata hivyo siku ilikuwa njema. Jioni Nigeria imewafunga Wahispania tatu kwa mbili, na mtaa wa Dengfeng ulikuwa wa kwetu sote. Bi Sihaba asiyejua mpira alipiga vigelegele dirishani.

Jumatano, 17 Juni

Tumefunga kila kitu. Mianya kwa fila, injini ya moto. Chen alisimama nyuma yangu na nilipopeleka kidole kuhisi alikipiga kwa spana. Kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na nusu. Kumi na moja.

Tapeti zinalia, tak-tak-tak. Nilitaka kumweleza Liang kwamba ndivyo zinavyotakiwa kulia, lakini yeye na Chen walikuwa wameshaondoka kwenda kutafuta ndoo.

Jumapili, 21 Juni

Mvua kubwa, wanasema mito ya magharibi imefurika. Bi Sihaba amenigeuzia jinsi zangu zote mia mbili moja moja. Kumi na nne zilikuwa mbovu. Sikubisha.

Alhamisi, 25 Juni

Kesho. Nimepiga simu Moshi. Leokadia akauliza nina nini, nikasema nina gari la mtu.

Ijumaa, 26 Juni

Mgeni haruhusiwi kuingia kwenye kituo cha ukaguzi. Tulisimama nje ya geti, mimi, Bi Sihaba na Chen, chini ya mwavuli mmoja, na Chen nusu yake ikilowa kwa sababu hakutaka kutukaribia. Liang aliingia saa tatu. Saa nne ikapita. Saa tano. Magari yaliingia, sikuona yanapotokea. Lori moja lilipita linavutwa kwa mnyororo, dereva wake anatembea nyuma kama anayesindikiza jeneza. Nilisali rozari nzima kwa vidole.

Saa sita kasorobo Liang alitoka kwa miguu. Hana gari. Kofia iko mkononi.

Nikajua limekwisha. Nilimwona amekaa mlangoni kwake anahesabu mvua, mwaka huu, mwaka ujao, na mimi Moshi nauza jinsi. Alipotufikia maneno yalinitoka yenyewe, "Shi wo de cuo, Shifu, shi wo de cuo."

Alinishika mkono. Miezi mitatu hajawahi; wanaume wa hapa hawashikani mikono kama sisi. Akaushika na hakuuachia, akanivuta, tukatembea hivyo kando ya ukuta mrefu wa kituo kama vijana wa Kariakoo, Bi Sihaba na Chen wakitufuata. Tukapinda kona. Kule nyuma kuna geti la kutokea. Gari lilikuwa limesimama hapo, injini inaunguruma, tapeti zinalia, na kwenye kioo kuna karatasi mpya ya ukaguzi, gundi yake haijakauka.

Liang akasema kitu. Bi Sihaba akakohoa kwanza. "Anasema hakuthubutu kuizima."

Nililia pale barabarani, mtu mzima, sijali. Chen alitazama upande mwingine. Bi Sihaba aliniona vizuri kabisa na hakunitania.

Jumamosi, 27 Juni

Mvua. Liang alikuja saa mbili asubuhi. Marobota kumi na moja.